Kifuniko cha kichujio cha bwawa kikikwama, presha itolewe kwanza

Mvua za masika zinapoanza na wageni kupungua, hoteli na nyumba za kukodisha kuanzia Mtwapa na Kikambala hadi Watamu na Malindi huitumia nafasi hiyo kufanya matengenezo. Kuta hupakwa rangi, makuti ya paa hubadilishwa, na bwawa la kuogelea nalo hupata zamu yake. Mojawapo ya kazi za bwawa ni kufungua kichujio cha mchanga ili mchanga ukaguliwe au ubadilishwe. Ni kazi inayoonekana ndogo. Lakini kichujio ambacho hakijafunguliwa kwa miaka mitano au kumi huwa na kifuniko kilichoshika kana kwamba kimejengewa kwa saruji, na hapo ndipo watu huumia.

Makala haya yanaeleza kwa nini kifuniko hukwama, namna ya kukifungua bila kuvunja tangi, na kwa nini hatua ya kwanza si kutafuta spana ndefu bali ni kuhakikisha hakuna presha iliyobaki ndani. Yanawahusu wahudumu wa mabwawa na mafundi wa mabomba. Yanawahusu pia wenye majengo, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaoamua kama kazi itafanywa kwa utaratibu au kwa pupa.

Presha isiyoonekana

Kichujio cha mchanga ni tangi, aghalabu la faiba au la plastiki ngumu, lililojazwa mchanga kiasi cha theluthi mbili. Pampu huvuta maji kutoka bwawani na kuyasukuma ndani ya tangi. Maji huingia kwa juu, hupenya mchanga na kuacha uchafu humo, kisha hutoka chini kupitia vijibomba vyenye nyufa nyembamba na kurudi bwawani yakiwa safi.

Ili maji yapenye mchanga, pampu hulazimika kuyasukuma kwa presha. Geji iliyo juu ya kichujio huonyesha presha hiyo kwa bar au kwa psi. Bar 1 ni karibu psi 15. Presha ya bar 1 ni ya kawaida katika mabwawa mengi, na kwa sababu tarakimu ni ndogo, wengi hudhani si kitu.

Hesabu inaonyesha vingine. Bar 1 ni sawa na uzito wa takriban kilo 1 juu ya kila sentimita mraba. Kifuniko chenye upana wa sentimita 20 kina eneo la sentimita mraba 314. Maana yake ni kwamba kinasukumwa kutoka ndani kwa nguvu ya zaidi ya kilo 300, sawa na uzito wa mifuko sita ya saruji ya kilo 50. Kifuniko cha sentimita 40 kinasukumwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 1,200, uzito unaozidi ule wa magari mengi madogo. Nguvu hiyo ndiyo iliyo chini ya kifua na uso wa fundi anapoinama juu ya tangi.

Hewa huongeza hatari. Maji hayashindiliki, hivyo kifuniko kikiachia kidogo presha yake hushuka mara moja. Hewa hushindilika kama springi. Ikiwa imejikusanya juu ya tangi na kifuniko kikaachia, hutanuka ghafla na kukirusha. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa vichujio hubandika onyo juu ya tangi lenyewe, na ndiyo sababu onyo hilo halifai kupakwa rangi wala kubanduliwa.

Kwa nini kifuniko hukwama

Sababu za kawaida ni tano, na kila moja ina tiba yake.

Ya kwanza ni presha iliyobaki. Kifuniko cha nyuzi kinachosukumwa kwa ndani hubana nyuzi zake, hivyo hukataa kuzunguka. Kifuniko kigumu kinaweza kuwa kinamweleza fundi kwamba tangi bado halijatolewa presha.

Ya pili ni mvuto wa ndani. Pampu ikizimwa na tangi likiwa limefungwa kila upande, maji yanaweza kushuka kupitia mabomba bila hewa kuingia kujaza nafasi. Maji yakishuka mita 1 tu, hutokea mvuto wa takriban moja ya kumi ya bar. Kwenye kifuniko cha sentimita 40, mvuto huo ni kama kilo 125 zinazokibana kwa chini. Hapo wanaume wawili wanaweza kuvuta hadi wachoke, ilhali tiba ni kufungua kijitundu cha hewa.

Ya tatu ni mpira wa kifuniko, ule ambao mafundi huuita oringi. Mpira usiopakwa grisi kwa miaka hukauka, hujibana na kugandamana na tangi.

Ya nne ni chokaa. Maji ya visima vingi vya ukanda wa Pwani hutoka kwenye miamba ya matumbawe na yana chokaa nyingi. Yanapovuja kidogo kidogo na kukauka kwenye ukingo wa kifuniko, huacha ganda jeupe gumu. Chembe za mchanga zikiingia kwenye nyuzi, ganda hilo huzishika.

Ya tano ni kutu. Upepo wa bahari una chumvi, na bolti za chuma cha kawaida hazidumu. Nati hushikana na bolti, na fundi anapoilazimisha, bolti hukatika au hung'oka pamoja na kipande cha tangi.

Kabla ya kugusa kifuniko

Hatua zifuatazo hufanywa kwa mpangilio wake, bila kuruka hata moja.

Umeme uzimwe kwenye swichi kubwa. Kuzima kwa taima hakutoshi, kwa maana taima huwasha pampu yenyewe saa yake ikifika, na mtu mwingine anaweza kuiwasha bila kujua kuna kazi inaendelea. Swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa fundi anayefanya kazi. Pasipokuwa na kufuli, karatasi ya onyo ibandikwe na mtu mmoja asimame hapo.

Vali zinazotenga kichujio na bwawa zifungwe. Jambo hili ni muhimu hasa pale ambapo chumba cha pampu kiko chini ya ardhi, kama ilivyo katika hoteli nyingi. Maji ya bwawa lililo juu husukuma yenyewe, hata pampu ikiwa imezimwa: kila mita moja ya kimo huongeza moja ya kumi ya bar. Kifuniko kikifunguliwa bila vali kufungwa, bwawa litamwagikia chumbani na kumkuta fundi karibu na nyaya za umeme.

Kitoa hewa kilicho juu ya tangi kifunguliwe polepole, na kiachwe wazi hadi mwisho wa kazi. Kufuu kwa hewa kutasikika, ama ikitoka kwa sababu ya presha, ama ikiingia kwa sababu ya mvuto. Fundi asubiri hadi sauti iishe.

Geji isomwe, lakini isiaminiwe peke yake. Geji za zamani hukwama kwa kutu au kwa kuziba, na sindano inaweza kulala kwenye sifuri huku tangi lina presha. Kitoa hewa kilichozibwa na chokaa nacho hakitoi chochote, na ukimya wake unaweza kudhaniwa kuwa usalama. Njia ya kuhakikisha ni kufungua kizibo cha kutolea maji kilicho chini ya tangi. Maji yakitoka kwa msukumo mkali, presha ipo. Yakitiririka kwa ulegevu huku hewa ikiingia kwa juu, tangi limetulia. Yasipotoka kabisa, huenda kizibo kimezibwa na mchanga. Hapo fundi alegeze kiungo cha bomba kidogo kidogo, akiwa amesimama kando, hadi maji yaanze kuvuja.

Maji yashuke hadi chini ya usawa wa kifuniko. Baada ya hapo tu ndipo kifuniko kiguswe.

Kifuniko cha nyuzi

Hiki ndicho cha kawaida kwenye matangi yanayofungukia juu. Kwanza ukingo usuguliwe kwa brashi ya nailoni na kuoshwa kwa maji mengi ili mchanga utoke. Penye ganda la chokaa, kitambaa kilicholoweshwa siki nyeupe kizungushiwe ukingo kwa nusu saa, kisha pasuguliwe na kuoshwa tena.

Siki ina tahadhari yake. Asidi yoyote, hata siki ya jikoni, ikikutana na klorini hutoa gesi yenye sumu inayochoma macho na mapafu. Kwa hiyo sehemu hiyo ioshwe kwa maji matupu kwanza, na ndoo za klorini ziondolewe kwenye chumba cha pampu kabla siki haijafunguliwa. Mtu akisikia harufu kali ya kukaba koo, atoke nje mara moja na asirudi kuchukua vifaa.

Ukingo ukiwa safi, joto kidogo husaidia. Kitambaa kilicholowa maji ya moto, yasiyochemka, kikiwekwa juu ya pete ya nje kwa dakika chache hutanua plastiki na kulainisha mpira. Moto wa aina yoyote hautakiwi. Plastiki hulainika na kupinda, na faiba hushika moto.

Kisha kifuniko kizungushwe kinyume cha mwendo wa saa. Kifaa sahihi ni spana ya kifuniko iliyotengenezwa kwa tangi hilo. Ikikosekana, ubao imara wa urefu wa mita moja hivi hulazwa katikati ya masikio mawili ya kifuniko, na watu wawili husukuma kwa pamoja, mmoja kila upande. Nguvu ikigawanywa hivyo, kifuniko huzunguka bila kuinamia upande mmoja, na sikio moja halibebi mzigo wote. Kugonga pembezoni kwa nyundo ya mpira, taratibu na kwa kuzunguka, hulegeza chembe zilizoshika. Wakati mwingine kukikaza kifuniko kidogo sana kwanza hukatisha mshiko wa mpira, kisha kikarudi kinyume bila taabu.

Ni vyema kujua kinachotokea mtu anapochomeka paipu kwenye spana ili kuirefusha. Nguvu ya mkono ileile kwenye paipu ya mita 1 huwa mara tano ya ile ya spana ya sentimita 20. Plastiki iliyopigwa na jua kwa miaka mingi haistahimili hali hiyo. Sikio la kifuniko likivunjika, kazi ya saa moja huwa gharama ya tangi jipya.

Kifuniko cha bolti na cha mkanda

Kwenye kifuniko cha bolti, kila nati ilegezwe nusu mzunguko, kisha fundi ahamie ile ya upande wa pili inayoikabili, na kuendelea hivyo hadi zote zilegee sawasawa. Nati zisitolewe kabisa kabla kifuniko hakijaachia kwenye mpira wake. Zikibaki zimeshika nyuzi chache, kifuniko kitakachoruka hakitafika mbali.

Bolti iliyoliwa na kutu ilowekwe dawa ya kulainisha kutu na kuachwa usiku kucha. Dawa hiyo iwekwe kwa matone kwenye chuma tu. Mafuta ya petroli hudhoofisha plastiki nyingi na kuvimbisha baadhi ya mipira, na yakimwagikia klorini ya unga yanaweza kuwasha moto. Bolti isiyosikia dawa hukatwa kwa msumeno wa chuma, na mahali pake huwekwa bolti ya chuma kisichoshika kutu.

Bolti zikiwa zimelegea na kifuniko bado kimegandamana, kabari za mbao zichomekwe pande mbili zinazokabiliana na kugongwa kidogo kidogo. Bisibisi haifai. Huchimba mfereji kwenye uso ambao mpira unapaswa kulala, na kifuniko kitavuja milele.

Kifuniko kinachoshikwa kwa mkanda wa chuma uliozungushiwa tangi ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu nati moja au mbili ndizo zinazobeba mzigo wote. Mkanda ukiachia, hauachii nusu. Usilegezwe kabla presha haijathibitishwa kuwa sifuri, na mtu yeyote asisimame mbele ya nati wala kuinama juu ya tangi wakati wa kuulegeza. Mkanda uliopinda, uliokwanguka kwa kutu au ulioungwa kwa kulehemu hautakiwi kurudishwa kazini.

Kuna njia moja isiyofaa kwa kifuniko chochote: kujaza hewa ya kompresa ili isukume kifuniko kitoke. Hiyo ni kuligeuza tangi kuwa bunduki.

Wakati wa kuacha

Kuna matangi ambayo hayastahili kufunguliwa kwa nguvu, bali kuondolewa. Dalili zake ni nyufa zinazotawanyika kama buibui kuzunguka shingo ya tangi, uvimbe ubavuni, nyuzi za faiba zilizojitokeza nje, au unyevu unaopenya ukutani mwa tangi badala ya kwenye viungo. Tangi la namna hiyo halirekebishwi kwa gundi wala waya. Bei ya tangi jipya ni kubwa, lakini hospitali na kilema hugharimu zaidi.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama wa wafanyakazi wake, awape vifaa vya kujikinga bila kuwatoza, na asiwalazimishe kurudi kwenye hatari kubwa waliyoiripoti kabla haijarekebishwa. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kuripoti hatari anayoiona. Mhudumu anayesema kichujio hiki kimepasuka na hatakifungua hajakaidi kazi, ametimiza sheria. Ajali ya kifo kazini huripotiwa kwa afisa wa usalama na afya kazini ndani ya saa 24, na ya majeraha ndani ya siku 7.

Baada ya kifuniko kutoka

Kazi iliyoleta taabu isiachwe ijirudie. Mpira wa zamani utupwe na mpya uwekwe, baada ya kusafisha mfereji wake kwa kitambaa. Upakwe grisi ya silikoni, ambayo haidhuru mpira wala plastiki. Grisi ya magari na mafuta ya taa visitumike. Kifuniko hukazwa kwa mkono au kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Kukikaza kupita kiasi ndiko kunakozaa kukwama kwa mwaka ujao.

Mchanga ukibadilishwa, uwe mchanga wa kichujio, yaani wa silika wenye chembe za karibu nusu milimita. Mchanga wa ufuoni haufai japokuwa uko hatua chache kutoka langoni. Una chumvi na vipande vya makombe na matumbawe ambavyo huongeza chokaa, na chembe zake hazilingani. Tangi lijazwe maji hadi nusu kabla ya kumimina mchanga, ili uzito wake usivunje vijibomba vya chini, na bomba la katikati lifunikwe ili mchanga usiingie. Vumbi la silika hudhuru mapafu, kwa hiyo mchanga uloweshwe kidogo na anayemimina avae barakoa ya kuzuia vumbi. Maji ya kuoshea mchanga yasielekezwe kwenye kisima wala ufuoni.

Hatua ya mwisho huwa na hatari sawa na ya kwanza. Kabla ya kuwasha pampu, kitoa hewa kifunguliwe kabisa, vali zote zirudishwe mahali pake, na kila mtu asogee mbali na tangi. Pampu iwashwe kutoka kwenye swichi. Hewa itatoka, kisha maji. Yakitoka bila kukatika, kitoa hewa kifungwe. Presha itakayoonekana kwenye geji siku hiyo iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa chumba cha pampu. Ikipanda kwa nusu bar au zaidi juu ya hapo, ni wakati wa kuosha mchanga kwa kugeuza maji, na vali ya kugeuzia isizungushwe kamwe pampu ikiwa inafanya kazi.

Kifuniko kinachofunguliwa mara moja kwa mwaka, kikasafishwa na kupakwa grisi, hufunguka kwa mikono miwili. Wenye mabwawa wanashauriwa kuipanga kazi hiyo katika msimu wa masika, wakati ambapo hakuna mgeni anayesubiri kuogelea, fundi yuko na msaidizi wake, na hakuna anayemhimiza amalize kabla ya saa sita.